Nani Aufunge Mwamba wa Fundo?

Kisiwa cha Fundo kiko magharibi ya Pemba, mkabala na Wete, na watu wake riziki yao ni bahari. Fundo ni miongoni mwa vijiji vya Pemba, kama Kisiwa Panza huko kusini, vilivyojaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa muda ili pweza wakue, chini ya kamati ya uvuvi ya shehia na kwa msaada wa jumuiya ya Mwambao. Hesabu yake haina utata. Pweza haishi sana, kiasi cha mwaka na ushei tu, lakini hunenepa upesi. Akiachwa miezi mitatu huwa si yule tena. Kusini magharibi mwa Madagaska, Andavadoaka ilianza utaratibu huu mwaka 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ulioangalia vipindi 36 vya kufunga, ulionyesha kuwa pweza waliovuliwa katika mwezi wa kufungua waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 kuliko mwezi wa kabla ya kufunga. Mchumi akiishia hapo ataweka kalamu chini na kusema funga.

Lakini mzani hupima pweza, haumpimi aliyekaa na njaa akimngojea. Anayechokoa pweza kwa miguu maji yakitoka, na wengi wao ni wanawake, hana mwamba mwingine wa kwenda. Ule wa karibu ukifungwa, kitoweo na fedha ndogo ya nyumbani vimefungwa pamoja nao. Mzamiaji mwenye miwani na chombo hukata bahari akavua kwingine, kisha siku ya kufungua akarudi na kuwahi pweza wakubwa kabla maji hayajakauka. Jumla imepanda, na mama aliyevumilia miezi mitatu anaweza kuambulia kidogo kuliko asiyevumilia hata siku moja. Hili si kosa la hesabu. Ni swali la haki, na ndiyo maana uchumi peke yake hautoshi.

Wapo watakaosema dawa ni kura: wengi wape. Tuchukue mfano wa kubuni wenye makundi matatu yanayolingana kwa idadi. Wachokoaji wanataka ufungwe mwamba wa mbali. Ikishindikana, pasifungwe kitu. La mwisho kabisa ni kufunga wa karibu. Wazamiaji wanataka ufungwe wa karibu, kisha wa mbali, na kutofunga ndiyo mbaya zaidi kwao. Wachuuzi, wanaotaka mzigo kila siku, hawapendi pafungwe kitu, lakini ikibidi, bora wa karibu kuliko wa mbali. Piga kura mbili mbili: wa karibu unaushinda wa mbali, wa mbali unashinda kutofunga, na kutofunga kunaushinda wa karibu. Kijiji kinazunguka. Condorcet, Mfaransa, alilionyesha jambo hili mwaka 1785, na mchumi Kenneth Arrow akathibitisha mwaka 1951 kwamba halina tiba rahisi katika utaratibu wowote wa kura. Maana yake mkutanoni ni nzito: anayepanga lipi lipigiwe kura kwanza ndiye anayechagua, hata kama hakunyoosha mkono.

Mchumi Amartya Sen alionyesha njia ya kutokea katika kitabu chake cha mwaka 1970. Kura pekee, alisema, hubeba habari chache mno. Ukiruhusu kulinganisha hali za watu, nani anaumia zaidi na kwa kiasi gani, uamuzi wa busara unapatikana. Hapa ndipo kamati ya shehia inapoishinda ofisi ya mjini. Inajua nyumba ipi inategemea mwamba upi, na nani hana chombo. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alikusanya mifano ya maji, misitu na uvuvi akaona kwamba mali ya pamoja hudumu pale wanaobanwa na kanuni wanapokuwa na sauti katika kuzitunga, na serikali inapoiheshimu haki yao hiyo.

Kuna pingamizi la kweli, nalo ni la sheria. Bahari si ya shehia. Maji ya magharibi ya Pemba yamo ndani ya eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba, PECCA, lililotangazwa mwaka 2005, na wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi za muda, huja kutoka mbali. Kamati itamzuiaje mtu asiyekuwamo mkutanoni? Kwa neno lake tu, haiwezi. Inahitaji kanuni ndogo zinazotambuliwa na Idara ya Uvuvi na boti ya doria yenye mafuta. Ila msaada wa serikali ukija kulinda kanuni inayowanyima wachokoaji, polisi watakuwa wanalinda dhuluma kwa bidii zaidi. Kwa hiyo sharti la ugawaji litangulie: siku za mwanzo za bamvua baada ya kufungua ziwe za wavuvi wa miguu, wazamiaji wafuate baadaye. Kanuni hiyo haimzidi yeyote kimo, na sheha anaweza kuisoma mbele ya watu kabla kura ya kwanza haijapigwa.