Saa ya thamani iliyotumika: Mnunuzi aipeleke kwa fundi yupi?

MNUNUZI wa saa ya mkono ya thamani iliyokwisha tumika aghalabu hudhani kuwa shughuli imekwisha pindi anapoilipia na kuivaa. Kwa hakika, gharama ya pili huwa ingali mbele yake. Saa iliyouzwa bila rekodi yoyote ya matengenezo huenda ikahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapema kuliko alivyotarajia, na hapo ndipo linapozuka swali la fundi wa kuaminiwa.

Katika miji ya Busia na Malaba, iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda, swali hilo lina uzito wa pekee. Mpakani bidhaa hupitia mikono mingi. Saa huenda ilitoka Dubai, Kampala au Nairobi, ikauzwa na dalali asiye na duka wala stakabadhi, na ikinunuliwa leo, kesho muuzaji haonekani. Upande wa Uganda, hata jina lenyewe lina maana mbili: anayeagiza "rolex" kando ya barabara huletewa chapati iliyoviringwa pamoja na mayai ya kukaanga. Chapati hiyo haihitaji cheti. Saa yenye jina hilo huhitaji uchunguzi kabla ya mtu yeyote kuitia bisibisi.

Wengi huanza kwa kuuliza ni fundi gani mwenye bei nafuu. Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni saa yenyewe ni ya aina gani, la pili ni hitilafu yake, na la tatu ni iwapo fundi anayekusudiwa anaweza kupata vipuri halisi na kuipima saa akimaliza kazi. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayoonyesha iwapo saa ibaki Busia, ipelekwe Kisumu, Nairobi au Kampala, au irudi kwa mtengenezaji wake.

Saa ya betri au ya kamani?

Saa za mkono zimegawanyika katika makundi makuu mawili. Zipo zinazoendeshwa kwa betri, na zile za quartz ziliingizwa sokoni na kampuni ya Seiko ya Japani mwaka 1969. Kisha zipo saa za kamani, ambazo nguvu yake hutokana na springi iliyokazwa. Baadhi ya saa za kamani hutiwa ufunguo kwa vidole kila siku, na nyingine hujikaza zenyewe mkono wa mvaaji unapotikisika.

Bei kubwa si dalili ya kamani. Cartier, Omega na TAG Heuer zimewahi kuuza saa nyingi za betri. Saa ya aina hiyo ikisimama, huenda haihitaji zaidi ya betri mpya, na mmiliki anayeambiwa kwamba ni lazima mashine yote ifumuliwe ana haki ya kuuliza sababu.

Saa ya kamani ni jambo jingine. Ndani yake mna gurudumu la mizani linalokwenda huku na huko, na katika saa nyingi za kisasa hupiga mapigo 28,800 kwa saa moja, sawa na mapigo manane kila sekunde. Katika mwaka mmoja, mapigo hayo hupita milioni 250. Sehemu zinazosuguana hulindwa na matone madogo mno ya mafuta maalumu. Mafuta hayo hukauka au husambaa kadiri miaka inavyopita. Yakiisha, chuma husaga chuma, na saa huendelea kutembea huku ikijila.

Ndiyo maana watengenezaji hupendekeza huduma ya mara kwa mara hata kama saa haijaharibika. Rolex hutaja muda wa takriban miaka 10, kutegemea muundo na matumizi, ilhali Omega hutaja kati ya miaka mitano na minane. Huduma kamili maana yake ni mashine kufumuliwa yote, kuoshwa, kubadilishiwa sehemu zilizolika, kutiwa mafuta mapya, kurekebishwa mwendo, na kasha kupimwa kama linazuia maji. Fundi anayefungua kifuniko cha nyuma, akapuliza vumbi na kudondosha mafuta juu ya mashine, hajafanya huduma hiyo. Ameongeza uchafu tu.

Hitilafu ndogo na hitilafu kubwa

Si kila tatizo linalohitaji huduma kamili. Saa ya kamani iliyoanza ghafla kutangulia kwa dakika kadhaa kwa siku huenda imeshika sumaku, kwa mfano kutokana na spika au kifuniko cha simu chenye sumaku. Kuitoa sumaku ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye kifaa chake. Saa inayosimama usiku huenda haikazwi vya kutosha kwa sababu mvaaji wake hukaa mezani kutwa. Mkanda uliokatika na kioo kilichokwaruzwa haviihusu mashine.

Kwa upande mwingine, ukungu chini ya kioo ni dharura. Maana yake ni kwamba unyevu umeingia, na kutu yaweza kuanza katika muda wa siku chache. Saa ya namna hiyo haifai kusubiri mwisho wa mwezi, wala kuanikwa juani kwa matumaini kwamba itakauka.

Msomaji aelewe pia kuwa maandishi ya "mita 30" kwenye saa hayampi mvaaji ruhusa ya kupiga mbizi kina hicho. Kwa kawaida humaanisha kwamba saa hustahimili matone na mvua. Isitoshe, mipira inayozuia maji huchakaa. Saa iliyofunguliwa kibandani kisha ikafungwa bila kupimwa kwa mashine ya shinikizo haipaswi kuhesabiwa kuwa yazuia maji, hata kama maandishi yake yanasema mita 100.

Fundi wa mpakani

Mafundi wa saa wanaoketi vibandani katika miji ya mpakani wana nafasi yao, na si haki kuwadharau. Kubadilisha betri, kupunguza bangili ya chuma, kutia pini mpya, kuweka mkanda na hata kurekebisha saa za kawaida ni kazi wanazozifanya kila siku kwa malipo ambayo mwananchi wa kawaida anayamudu. Aidha, wengi wao wameshika saa nyingi kiasi cha kutambua saa bandia kwa kuitazama ndani.

Mipaka yao inatokana zaidi na mazingira kuliko ujuzi. Malori yaendayo Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupita Malaba na Busia mchana na usiku, na vumbi lake halichagui kibanda. Chembe moja ya mchanga ndani ya mashine ya saa inatosha kuisimamisha. Kisha lipo suala la vipuri. Makampuni makubwa ya Uswisi kwa jumla hayauzi vipuri kwa fundi asiye na kibali chao. Fundi wa aina hiyo akikosa kipuri halisi, hubaki na njia mbili: kutoa sehemu katika saa nyingine au kuweka ya kuiga.

Hapo ndipo hasara kubwa inapotokea kimyakimya. Saa hutembea vizuri, mwenyewe hufurahi, lakini siku anapotaka kuiuza au kuipeleka kwa mtengenezaji huelezwa kuwa ndani mna sehemu zisizo za asili. Vituo vya watengenezaji huweza kukataa kuihudumia saa kama hiyo, au kudai kwanza sehemu hizo ziondolewe kwa gharama ya mwenyewe.

Fundi huru wa mjini

Njia ya pili ni fundi huru mwenye karakana katika mji mkubwa. Kutoka Busia, Kisumu iko karibu zaidi, Kampala iko umbali wa takriban kilomita 200, na Nairobi zaidi ya kilomita 400. Umbali peke yake si kipimo. Kipimo ni majibu ya fundi anapoulizwa maswali ya kawaida: Je, amewahi kuifumua mashine ya aina hii? Anapata wapi vipuri? Ana kifaa cha kupima mwendo wa saa na cha kupima shinikizo la maji? Anatoa hakikisho la muda gani, na kwa maandishi? Atarudisha sehemu kuukuu alizozitoa?

Zipo saa za thamani ambazo fundi huru mwema anaweza kuzihudumia bila wasiwasi. Nyingi hutumia mashine zilizoundwa na kampuni kama ETA au Sellita za Uswisi, ambazo hupatikana katika saa za majina mbalimbali na zinajulikana sana na mafundi. Saa yenye mashine iliyobuniwa na mtengenezaji mmoja pekee ni afadhali ipelekwe kwake.

Kituo cha mtengenezaji

Njia ya tatu ni kituo rasmi au wakala aliyeidhinishwa. Mmiliki asitegemee bango la dukani. Majina ya mawakala huorodheshwa kwenye tovuti za watengenezaji, na orodha hizo hubadilika. Faida yake ni vipuri halisi, vifaa kamili na hakikisho. Rolex, kwa mfano, hutoa hakikisho la miaka miwili baada ya huduma. Hasara yake ni bei kubwa na kusubiri, hasa saa inapolazimika kupelekwa nchi za nje.

Njia hii nayo ina hadhari yake. Vituo rasmi hupenda kuirudisha saa katika hali ya upya: hung'arisha kasha na huweza kubadilisha uso na mishale. Kwa saa ya miaka ya karibuni hilo si tatizo. Kwa saa ya kale ni maafa. Mfano mashuhuri ni saa za Rolex zilizoagizwa kwa niaba ya Sultani Qaboos bin Said wa Oman katika miaka ya 1970, zikiwa na nembo ya jambia usoni, naye akazitoa zawadi. Wakusanyaji huzitafuta kwa sababu ya nembo hiyo. Anayeruhusu uso wa saa kama hiyo ubadilishwe hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Mwenye saa ya kale aandike wazi kuwa uso usibadilishwe na kasha lisisuguliwe, na akikataliwa, atafute fundi huru mwenye sifa.

Kuvuka mpaka

Wakazi wengi wa Busia na Malaba huiona Kampala kuwa jirani. Vituo vya pamoja vya mpakani, kikiwemo cha Busia kilichozinduliwa Februari 2018, vimepunguza usumbufu kwa kuwaweka maafisa wa nchi mbili mahali pamoja. Hata hivyo, saa ya Uswisi haikuzalishwa Afrika Mashariki, kwa hivyo haipati nafuu ya ushuru inayotolewa kwa bidhaa za jumuiya. Anayeivusha kwa matengenezo amwone afisa wa forodha kabla ya kutoka, na abebe ushahidi kuwa saa ni yake na ilikuwa Kenya. Asipofanya hivyo, huenda akadaiwa ushuru anaporejea kana kwamba amenunua saa mpya.

Vilevile, bei itajwe kwa sarafu moja tangu mwanzo. Tofauti kati ya shilingi ya Kenya na ya Uganda imezua ugomvi katika biashara ndogo kuliko hii. Kukitokea mzozo nchini Kenya, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Kumfuata fundi aliye nchi nyingine ni safari ndefu zaidi.

Mali bila daftari

Kabla ya kuiacha saa popote, mmiliki aipige picha mbele, nyuma na, ikiwezekana, ndani fundi anapoifungua. Stakabadhi itaje jina la saa, nambari yake, hali ya kioo na kasha, kazi itakayofanywa, bei, na tarehe ya kuichukua. Akitumia basi au kampuni ya vifurushi, atangaze thamani yake kwa maandishi. Wala asiitelekeze: sheria ya Kenya kuhusu mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, humruhusu fundi kuiuza baada ya kufuata utaratibu wa kutoa notisi.

Gharama nayo ipimwe na thamani. Tuseme saa ilinunuliwa kwa Sh40,000 na huduma kamili ni Sh30,000. Huenda mwenyewe akaona afadhali aivae hadi isimame, isipokuwa kama ni kumbukumbu ya mzazi. Makadirio hayo yaombwe kabla ya kununua saa, maana ndiyo hoja bora ya kumshawishi muuzaji apunguze bei.

Saa inaporudi, ilinganishwe na saa ya simu kwa wiki nzima. Kipimo cha Uswisi kwa saa zenye cheti cha usahihi huruhusu kuchelewa kwa sekunde nne au kutangulia kwa sekunde sita kwa siku. Saa ya kale haitazamiwi kufikia hapo, ila ikipotea dakika nzima kila siku baada ya huduma kamili, irudishwe kwa fundi hakikisho likiwa bado linaishi.