Je, Wajua? Same kukavu, juu yake msitu wa mvua

Abiria wa basi la Arusha akifika Same huona mibuyu, mkonge na vumbi, akadhani Upare wote ndio huo. Upepo wa Bahari ya Hindi hufika na unyevu wake, ukapanda Milima ya Upare Kusini na kumwaga mvua mashariki na vileleni. Unaposhukia Same, upande wa magharibi, umebaki mkavu.

Kilele cha Shengena, chenye mita zipatazo 2,460, kimo ndani ya msitu wa hifadhi wa Chome. Humo yumo ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana kokote duniani ila Upare Kusini. Na kwa kuwa Kilimanjaro iko jirani, wengi hudhani milima hii ni ya ukoo mmoja. Sivyo. Kilimanjaro ni volkano. Upare ni miamba mikongwe kuliko hiyo kwa mbali, sehemu ya Tao la Mashariki linaloanzia Taita, Kenya, hadi Udzungwa.

Lakini la kustaajabisha zaidi ni ndiva. Wapare waliona kwamba kijito chembamba kikiachwa kitiririke mferejini, ardhi hukinywa kabla hakijafika mbali. Wakajenga mabwawa madogo ya mawe na udongo mlimani, ndizo ndiva. Usiku kucha maji hujikusanya; asubuhi tundu huzibuliwa, yakashuka kwa nguvu hadi mashamba ya chini, kila mkulima kwa zamu yake. Huu ni uhandisi wa wazee, na hadi leo unalisha watu. Unastahili kufundishwa shuleni.

Maji ya mlimani ndiyo pia yanayostawisha tangawizi ya Mamba Miamba. Ng'ambo ya pili ya milima ni tambarare ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, inayopakana na Tsavo ya Kenya. Tembo huvuka mpaka wakifuata mvua, na faru weusi hulindwa ndani ya uzio.

Mji wa Same wenyewe umeletewa bomba kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, linalojazwa na mito Ruvu na Kikuletwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maji ya bomba hilo asili yake ni miteremko ya Kilimanjaro na Meru.