Mpole, Saido na pengo ambalo Geita haikuliziba

MABAO 17. Hiyo ndiyo namba inayowaunganisha George Mpole na Saido Ntibazonkiza, na ndiyo hiyo hiyo inayozua ubishi vijiweni kuanzia Nyankumbu, Katoro mpaka Kahama kila jina la Geita Gold linapotajwa.

Mpole aliyapata msimu wa 2021/22 akiwa na jezi ya Geita mwanzo mwisho, akaibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu Bara. Saido aliyapata msimu uliofuata, 2022/23, akianzia Geita na kumalizia Simba, akafungana kileleni na Fiston Mayele wa Yanga. Wote wawili walipita mji ule ule wa dhahabu, na wote wawili waliondoka dirisha moja.

Shabiki wa kawaida anauliza: nani alikuwa mkali zaidi? Swali hilo ni tamu kwa stori za kahawa. Lakini kwa klabu inayotaka kujua ilianguka vipi kutoka nafasi ya nne hadi Championship ndani ya miaka miwili, swali ni jingine. Huyu aliyekuja alikuwa anafanya kazi ya yule aliyekuwapo, au alikuwa anafanya kazi nyingine kabisa?

KAZI YA MPOLE

Msimu wa 2021/22 ulikuwa wa kwanza kwa Geita Gold Ligi Kuu. Timu ya Halmashauri ya Mji wa Geita, yenye udhamini wa mgodi wa GGML, ilitarajiwa na wengi kupambana isishuke. Badala yake, chini ya Fred Felix Minziro, ikamaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Mpole, aliyetokea Polisi Tanzania, ndiye aliyebeba mzigo wa mabao. Na hapa lazima namba isomwe pamoja na mazingira yake. Aliyemfuata kwa karibu alikuwa Mayele, aliyemaliza na mabao 16. Mayele alikuwa anachezea Yanga iliyotwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, timu inayoshika mpira muda mrefu na kuingia eneo la hatari mara nyingi. Mpole alikuwa anachezea timu ngeni, ambayo kuna siku ilipata nafasi mbili tu na moja lazima iwe bao.

Hilo ndilo lililomfanya awe tofauti. Tangu Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting alipogawana kiatu na Simon Msuva wa Yanga msimu wa 2016/17, kwa mabao 14 kila mmoja, tuzo hiyo ilikuwa haijatoka nje ya Kariakoo. Emmanuel Okwi aliichukua, Meddie Kagere akaichukua mara mbili mfululizo, John Bocco naye akaichukua, wote wakiwa Simba. Mpole akaipeleka Geita. Baada yake ikarudi Kariakoo: Mayele na Saido, kisha Aziz Ki wa Yanga na mabao 21, kisha Jean Charles Ahoua wa Simba na mabao 16.

Kazi yake uwanjani ilikuwa rahisi kuieleza ingawa ngumu kuifanya. Ni straika wa kati. Anakaa na mabeki, anagombea, anasubiri, anamalizia. Hakuwa mtu wa kushuka kuchukua mpira katikati na kuanza kuchezesha wenzake. Timu ilicheza kumtafuta yeye, na yeye alikuwa kituo cha mwisho. Juni 2022 akaonyesha kitu hicho hicho kwa Taifa Stars mjini Cotonou, alipoifunga Niger mechi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, ile ya kufuzu AFCON iliyoisha kwa sare ya 1-1.

KAZI YA SAIDO

Kabla ya msimu wa 2022/23 Geita ikamchukua Saido, aliyekuwa ameachana na Yanga. Mrundi huyo alikuja na wasifu ambao mji wa Geita haukuwa umewahi kuuona kwa mchezaji wake: NEC Nijmegen ya Uholanzi, Cracovia ya Poland, Akhisar ya Uturuki, Caen ya Ufaransa. Alikuwa na miaka 35.

Wapo walioamini kuwa straika ameongezewa straika. Haikuwa hivyo. Saido ni fundi. Anashuka kuufuata mpira, anageuka, anatoa pasi ya mwisho, anapiga faulo na kona. Mabao anafunga, tena mengi, lakini mara nyingi anafika eneo la hatari akiwa wa pili, baada ya mtu mwingine kuwavuta mabeki. Anahitaji mtu wa mbele yake. Akimkosa, pasi zake zinakwenda kwa hewa.

Kwa maana hiyo, nusu ya kwanza ya msimu ule Geita ilikuwa na kitu ambacho timu nyingi za mikoani hazijawahi kuwa nacho: mpishi na mlaji kwa wakati mmoja. Mpole alikuwa bado yupo. Saido hakuwa mbadala wake, alikuwa mwenzake. Kwenye karatasi, ile ndiyo ilikuwa safu ya kuogopwa nje ya timu tatu kubwa.

Haikudumu. Afrika iliishia hatua ya awali mbele ya Hilal Alsahil ya Sudan. Na dirisha dogo lilipofunguliwa, Saido akaenda Simba na Mpole akaenda FC Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Mmoja kapanda basi la Dar es Salaam, mwingine katoka ukanda wa dhahabu kaingia ukanda wa shaba. Geita ikabaki na mechi za mzunguko wa pili mkononi, bila mpishi na bila mlaji.

NAMBA INADANGANYA WAPI

Tazama sasa mabao 17 ya Saido yalivyopatikana. Desemba 30, 2022, Simba iliifunga Tanzania Prisons 7-1. Saido alifunga matatu, Bocco naye matatu. Juni 2023, Simba iliichapa Polisi Tanzania 6-1. Saido peke yake alifunga matano. Mechi mbili, mabao manane. Karibu nusu ya mabao yake ya msimu mzima yalitoka ndani ya dakika 180.

Hiyo si kumdharau. Kufunga matano kwenye mechi moja ya Ligi Kuu ni kazi ambayo mastraika wengi watastaafu bila kuigusa. Lakini inaeleza mabao yale yalitoka wapi. Yalitoka kwenye timu inayoweza kushinda saba, yenye watu kama Clatous Chama wa kumlisha na mastraika wa kuwashughulisha mabeki. Akiwa Simba, Saido alipata alichokuwa anakihitaji: watu wa mbele yake na watu wa nyuma yake.

Sasa geuza. Mchukue Saido yule yule, mwache Geita bila Mpole, kwenye uwanja wa Nyankumbu, mechi ya kutafuta pointi moja. Angefunga 17? Ni vigumu kuamini. Na mchukue Mpole, mpeleke timu isiyocheza kwa ajili yake. Mabao yanapungua, hata kama mguu ni ule ule.

Ndiyo maana kulinganisha wachezaji wawili kwa safu ya mabao peke yake ni sawa na kulinganisha maduara mawili kwa uzito wa mifuko ya mawe iliyotoka. Mchimbaji wa Nyarugusu anajua mfuko si dhahabu. Mpaka jiwe lipite karasha, lioshwe, ndiyo utajua duara lipi lilikuwa na mali.

KINACHOPASWA KULINGANISHWA

Klabu inapomtafuta mrithi wa straika, kuna mambo manne ya kuwekwa mezani kabla ya jina la mchezaji halijatajwa.

La kwanza, mabao ya anayeondoka yalikuwa yanapatikanaje. Kwa krosi? Kwa mipira mirefu? Kwa penalti? Kama ni kwa krosi, straika mpya asiyejua kuruka na mabeki hatafunga hata akiwa na jina kubwa.

La pili, nani alikuwa anamlisha, na mtu huyo bado yupo? Geita ilipoteza mwisho wa mnyororo na katikati yake siku zile zile. Mtu yeyote ambaye angepewa jezi ya mbele Januari 2023 angeanza na njaa.

La tatu, umri na muda. Mchezaji wa miaka 35 anakupa ubora leo. Hakupi misimu mitatu, na kumuuza baadaye kwa faida si rahisi. Si kosa kumsajili. Kosa ni kumsajili bila kijana anayekaa nyuma yake akijifunza.

La nne, mkataba. Mfungaji bora wa ligi akiwa timu ya mkoani, kila mtu anajua simu zitapigwa. Swali la klabu siyo kama ataondoka, ni lini na kwa fedha kiasi gani, na fedha hizo zinaleta nani. Dirisha dogo ni baya kuliko yote kumpoteza mtu, maana wachezaji wazuri wanakuwa tayari wana mikataba na wanaobaki sokoni mara nyingi wana sababu ya kubaki sokoni.

Ukweli usemwe pia: Geita haikufa siku ile. Msimu wa 2022/23 ilibaki Ligi Kuu. Timu iliyojengwa vizuri hubaki na nguvu ya kusukuma miezi kadhaa baada ya nguzo kutoka. Lakini baada ya msimu huo Minziro naye akaondoka. Msimu wa 2023/24 hapakuwa tena na straika wa kugeuza nafasi moja kuwa pointi tatu, na timu ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Mtibwa ilikaa mwaka mmoja tu ikarudi, pamoja na Mbeya City. Geita ikabaki Championship.

SHINYANGA ILISHAPITIA HAYA

Majirani wa Shinyanga hawakushangaa. Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na baadaye ikapata udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. CCM Kambarage ikawa uwanja wa kuogopwa. Fedha zile hazikudumu, na timu ikaanza kuishi kwa kubahatisha.

Septemba 2018 Mrundi Alex Kitenge aliifunga Yanga mabao matatu peke yake jijini Dar es Salaam. Stand ikapoteza 4-3. Mechi ile ilisema kila kitu: straika anaweza kufanya kazi yake yote na zaidi, na bado timu ikarudi nyumbani mikono mitupu. Mwisho wa msimu huo Stand ilishuka. Mwadui FC, timu ya kwenye almasi pale Kishapu, nayo ikashuka mwaka 2021.

Timu tatu, dhahabu na almasi chini ya miguu, na hadithi inayofanana. Madini yanaweza kulipa mshahara na basi la timu. Hayawezi kumtengeneza mrithi wa straika kama hakuna aliyeanza kumtafuta mapema.

NANI ALIZIBA PENGO LA NANI?

Jibu la ubishi wa vijiweni, basi, ni kwamba hakuna aliyeziba pengo la mwenzake. Kwa kumalizia ndani ya boksi, kwenye timu yenye nafasi chache, Mpole ndiye mwenye hoja nzito: 17 kwa klabu moja, msimu mmoja, tena ya wageni wa ligi. Kwa kuchezesha, kwa ufundi na kwa uwezo wa kuhamia timu kubwa katikati ya msimu na kuibeba siku hiyo hiyo, Saido alikuwa daraja lingine. Aliyetaka kumpima Saido kama Mpole alimwonea. Aliyedhani Saido akiwepo basi Mpole anaweza kuondoka bila hasara, huyo ndiye aliyeiponza timu.

Mpole alirejea Kanda ya Ziwa mwaka 2024, lakini si Geita. Alisaini Pamba Jiji ya Mwanza iliyokuwa imepanda, na Oktoba mwaka huo kocha aliyeletwa kuiongoza Pamba alikuwa Minziro. Kocha na straika wa nafasi ya nne wakakutana tena, upande wa pili wa ziwa, na jezi ya mtu mwingine.

Kwa shabiki wa Geita hilo linauma, lakini lina faida moja. Linaonyesha kuwa watu waliofanya kazi ile bado wapo na wanajulikana walifanyaje. Kila dirisha likifunguliwa, yatatajwa majina mapya ya mastraika na mashabiki watauliza kafunga mangapi huko atokako. Waongeze swali la pili: nani atampa mpira?