Oili Chafu Haina Kazi Jikoni

Juzi tena, kwenye banda la mbao hapa Kasulu, bwana mmoja kanisogelea na swali lile lile: “Fundi, kaunta ya jikoni niipake oili chafu mikono mingapi ili mchwa wasiile?” Nimeulizwa hilo Kibondo, nimeulizwa Makere, nimeulizwa harusini nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Jibu ni sifuri. Mkono wa kwanza haupo, kwa hiyo wa pili msiniulize.

Najua imani hii ilikotoka. Kenchi za nyumba ya babu zilipakwa oili ya gereji na hadi leo zimesimama, basi watu wakasema oili ndiyo dawa. Lakini kenchi ziko juu, chini ya bati, kavu, mbali na udongo. Ukavu ndio uliozilinda. Nenda kaangalie nguzo ya uzio iliyopakwa oili hiyo hiyo, uichimbue pale inapoingia ardhini. Mara nyingi utakuta ganda jeusi limesimama kama suruali isiyo na mtu, ndani udongo mtupu.

Mchwa hatui juu ya kaunta kama nzi. Anatoka ardhini, anapanda ukutani ndani ya handaki lake jembamba la udongo, kisha anaingilia nyuma, kwenye ncha ya mbao iliyochomekwa ukutani, mahali ambapo brashi haikufika. Na oili yenyewe haizami mbali; inaishia chini kidogo ya ngozi ya mbao. Ufa mmoja wa kiangazi unamfungulia mlango.

Hapo tumemzungumzia mchwa. Sasa tumzungumzie anayekula chakula. Oili ikishatoka kwenye injini imebeba chembe za vyuma vilivyosagika, masizi, na kemikali za kuungua ambazo baadhi yake huleta saratani. Tena haikauki. Mafuta ya injini yametengenezwa makusudi yasigande, na ninyi mnayasubiri yagande juu ya meza ya chakula!

Niliwahi kuitwa kwenye jiko moja Kibondo, mama mwenye nyumba analalamika kwamba mboga yake ya sombe inanuka gereji. Nikapitisha kitambaa cheupe juu ya kaunta iliyopakwa miezi sita nyuma. Kikatoka na mstari mweusi. Pembeni, juu ya mbao hiyo hiyo, binti yake alikuwa anasukuma chapati. Wala msiniambie “tunaosha kwa sabuni”. Sabuni inaondoa ya juu. Ya ndani inapanda tena sufuria ya maharage ikitua.

Kabla hamjaniuliza: mawese nayo si dawa. Ni kiungo cha mboga, si vanishi. Hayagandi yakawa ngozi, yanachacha.

Haya, cha kufanya, kwa haraka.

Granaiti ni nzuri na ni ghali, maana ikitoka Dar es Salaam inapanda lori zaidi ya kilomita 1,000. Unene usipungue milimita 20, na vipimo vichukuliwe baada ya lipu. Wengine wanakuuzia marumaru kwa jina la granaiti. Omba kipande kilichobaki, kidondoshee ndimu: kikitoa povu au kikipoteza mng’ao, ondoka. Jikoni ndimu haikosekani: samaki mgebuka bila ndimu nani atakula?

Zege linawafaa wengi: nguzo za tofali za kuchoma, bamba la sentimita 7 lenye nondo, limwagiliwe maji siku 7. Ukiishia kwenye niru ya saruji, ndimu italila na mawese yatalitia doa, kwa hiyo livike vigae. Chukua vya sakafuni, vikubwa, si vile laini vya ukutani. Mishono ikiwa michache, uchafu nao unakosa pa kujificha.

Mbao iwe mninga au mkurungu uliokauka, kiini chekundu tu. Ile nyeupe ya pembeni ikatwe. Nunua yenye alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ikae juu ya tofali na saruji, iachane na ukuta upana wa kidole, ili mchwa akipanda umwone. Paka mafuta ya kitani mkono mwembamba, futa yaliyozidi, acha ukauke kabisa, rudia. Malizia kwa nta ya nyuki. Wafuga nyuki wa Kibondo wanayo. Matambara uliyofutia mafuta hayo yatandaze nje, maana ukiyakunjakunja na kuyatupa konani yanaweza kujiwasha yenyewe.

Na kaunta ya mbao haianzi kuoza katikati, mnapoisugua kila siku. Inaanzia kwenye tundu la sinki, maji yanapoingia kwenye ncha za nyuzi. Mafuta ya kitani yakibaki ya mkono mmoja tu, yapake pale, kabla sinki halijakaa.