Moto wa Septemba na Mafuriko ya Januari: Tujiandae Mwezi Mei



Mkoa wa Tabora hupata mvua kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo nyasi za miombo hukauka na moto huanza. Mkulima husafisha shamba, mfugaji hutafuta majani mabichi, mrina asali huacha mwenge unawaka. Moto wa Septemba ni mkali: huua miche, huteketeza mizinga na kuacha udongo wazi. Mvua zikianza, maji hukosa kizuizi, yakabeba udongo na kujaza mitaro na makalvati. Hivyo moto na mafuriko ni maafa yanayofuatana.

Hata mafuriko ya mbali hutufikia. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, hufuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara kutoka pwani. Mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata, na treni kutoka Dar es Salaam zikasimama kwa miezi kadhaa.

Serikali inafanya nini? Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kuchoma moto ovyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa na mkoa hadi kijiji. Wataalamu wa misitu husafisha njia za kuzuia moto na kuchoma mapema, Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto usiwe mkali.

Hata hivyo, mkoa uko mbali na shamba linalowaka. Kamati ya kijiji ikikutana Oktoba imechelewa. Kwa hiyo tunaomba kila usharika:

1. Kumwuliza mwenyekiti wa kijiji, kabla ya Mei, kama kamati ya maafa ipo na wajumbe wake ni nani.
2. Kushiriki kulima njia za moto pamoja na afisa misitu. Mtu asichome bila kibali.
3. Kuzibua mitaro na makalvati kabla ya Novemba.

Kwa wafadhili: blanketi za Januari zinahitajika, na tunashukuru. Lakini majembe, na mabomba ya moshi kwa warina asali, yakifika Mei, huenda familia nyingine zisihitaji blanketi hizo.