Redio ya mkulima: nani anasema, nani anajibu?

Ndugu msikilizaji, ukimsimamisha mtu pale Kariakoo ukamwuliza redio ni ya nini, atakujibu bila kusita: muziki, mpira na taarifa ya habari. Hajakosea. Lakini chombo hiki kina historia nyingine ambayo sisi wa mjini hatuizungumzi sana, nayo ina umri karibu sawa na wa redio yenyewe. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kutengewa saa yao maalumu redioni walikuwa wakulima. Nao hawakuitwa kuja kuburudika. Walipewa habari mbili: kesho mvua itanyesha au haitanyeshi, na leo sokoni nguruwe wameuzwa kwa bei gani.

Nimeichagua mada hii kwa sababu bei ya unga tunaonunua dukani huanzia kule shambani, mkulima anaposimama uso kwa uso na mnunuzi. Mnunuzi anajua bei ya soko, mkulima haijui. Hapo ndipo redio ilipojiingiza.

Twende Marekani, ambako mambo haya yaliandikwa vizuri. Katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, profesa wa fizikia wa chuo kikuu, Earle Terry, pamoja na wanafunzi wake waliunda kituo kilichojulikana kwa alama ya 9XM. Mwaka 1916 walianza kurusha utabiri wa hali ya hewa kwa simu ya upepo, yaani kwa milio ya Morse. Sauti ya mtu ilikuwa bado. Mkulima asiyejua kuisoma milio ile ilimbidi amtegemee anayeijua. Tarehe 3 Januari 1921 kituo hicho kikaanza kusoma utabiri kila siku kwa sauti ya kawaida. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 15 Desemba 1920, Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo ilikuwa imeanza kurusha bei za mazao kutoka Washington, bado kwa Morse.

Pengine utajiuliza utabiri wa mvua una uzito gani hata chuo kikuu kizima kihangaike nao. Wisconsin ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na wakati wa baridi ardhi hufunikwa na theluji kwa miezi. Ng'ombe huishi kwa majani makavu yaliyowekwa ghalani. Majani hayo hukatwa wakati wa joto, hulazwa shambani siku kadhaa yakauke, ndipo hukusanywa. Yakinyeshewa yangali chini yanaingia ukungu, na kazi ya wiki nzima imepotea. Kwa hiyo mkulima anayeambiwa asubuhi kwamba mvua inakuja kesho, anaacha panga lake ukutani. Hiyo ni akiba ya fedha, ingawa hakuna noti iliyobadilisha mikono.

Habari ya bei ilikuwa na ukali zaidi. Gazeti lilimfikia mkulima kwa posta, likiwa limechelewa siku moja au zaidi. Mnunuzi wa mifugo na nafaka alikuwa na simu na telegramu, alijua soko la Chicago limefunguka vipi asubuhi ile ile. Akija shambani akasema bei imeshuka, mkulima alikuwa na njia mbili tu: kuamini, au kukataa na kukaa na nguruwe wake wanaoendelea kula. Baada ya redio, mwenye shamba aliweza kuisikia bei ya siku hiyo akiwa mezani mchana, na mnunuzi alipobisha hodi jioni alimkuta mtu mwenye habari. Sisemi walanguzi walikwisha. Nasema ilibidi wabadili maneno.

Usidhani kwamba kila nyumba ilikuwa na umeme. Hata katikati ya miaka ya 1930, kiasi cha shamba moja tu kati ya kumi nchini humo lilikuwa na umeme, na serikali kuu ilianza kusimamia usambazaji wa umeme vijijini mwaka 1935. Kabla ya hapo watu walitumia betri, zikiwemo za gari, au redio ndogo zisizohitaji betri kabisa, zenye kipande cha jiwe la madini, waya mrefu juu ya paa na vifaa vya kusikilizia vya kuvaa masikioni. Mmoja alisikiliza, wengine wakangoja awaambie. Pamoja na shida hizo, mashamba yenye redio yaliongezeka kutoka 145,000 mwaka 1923 hadi zaidi ya nusu milioni mwaka 1925.

Penye watu nusu milioni hapakosi mfanyabiashara. Mwaka 1924 kampuni ya Sears, Roebuck, iliyokuwa ikiwauzia watu wa shamba kila kitu kwa njia ya posta, kuanzia sindano hadi nyumba, ilifungua kituo chake mjini Chicago na kukiita WLS, herufi zinazosimama badala ya maneno yenye maana ya duka kubwa kuliko yote duniani. Unyenyekevu haukuwa sehemu ya mpango. Hata hivyo kazi waliyofanya ilikuwa nzuri: habari za soko, kipindi cha wakulima saa ya chakula cha mchana, na Jumamosi usiku muziki wa ngoma za kijijini. Kimbunga kikubwa kilipopita majimbo matatu mwezi Machi 1925 na kuua mamia ya watu, kituo hicho kiliomba msaada hewani, na wasikilizaji wakatuma zaidi ya dola 200,000. Mwaka 1928 kiliuzwa kwa gazeti la wakulima, Prairie Farmer.

Akina mama nao walipata lao. Tarehe 4 Oktoba 1926 Wizara ya Kilimo ilianzisha kipindi cha mama wa nyumbani, na msemaji wake akaitwa Aunt Sammy, kwa kumfananisha na yule Uncle Sam wa serikali yao. Wengine walimchukulia kuwa mke wake, wengine dada yake. (Sisi tungeuliza kwanza kabla ya kumwamkia, maana dada wa baba ni shangazi, lakini mke wa mjomba ni mkazamjomba, na heshima zao si moja.) Mtu huyo hakuwepo. Wizara iliandika maneno, ikayatuma kwa posta kwenye vituo mbalimbali, na kila kituo kikamtafuta mwanamke wa hapo hapo mwenye lafudhi ya hapo hapo ayasome. Kwa hiyo nchi ilikuwa na Aunt Sammy wengi wakisema jambo moja siku moja: namna ya kupika, kuondoa madoa kwenye nguo, kulea mtoto. Kitabu cha mapishi yake kilichotolewa mwaka 1927 kiligombaniwa. Mimi naiona hila ile kuwa ya busara. Mama aliyeko shambani peke yake mchana kutwa alisikia sauti kama ya jirani.

Lakini sauti ya jirani ikishaaminiwa, hata tapeli anaitaka. Katika mji mdogo wa Milford, jimbo la Kansas, alikuwepo John R. Brinkley, mganga mwenye shahada ya mashaka, aliyedai kuwarudishia wanaume nguvu kwa kuwapandikiza tezi za mbuzi dume. Malipo yalikuwa dola 750, fedha nyingi sana kwa mkulima wa siku zile. Mwaka 1923 akafungua kituo chake cha redio, KFKB. Kilipiga muziki, kilihubiri, kilitoa habari za kilimo, na katikati ya hayo Brinkley mwenyewe alizungumza. Akaanzisha kipindi cha kujibu barua za wagonjwa. Alisoma maelezo ya mtu asiyemwona, akampima kwa masikio ya mawazo, kisha akamwambia atumie dawa ya namba fulani. Dawa hizo zilipatikana kwa wenye maduka walioingia mkataba naye, na kila chupa iliyouzwa ilimletea fungu lake. Baadhi ya wagonjwa wake walikufa. Mwaka 1930 alinyang'anywa kibali cha uganga, na tume ya redio ikakataa kumwongezea muda wa leseni. Mwaka huo huo akagombea ugavana wa Kansas na nusura ashinde, kisha akavuka mpaka na kujenga kituo chenye nguvu zaidi upande wa Meksiko.

Nimekaa kwa Brinkley muda mrefu kwa sababu kisa chake kinawasumbua wale wanaosema dawa ya redio ya upande mmoja ni kupokea barua za wasikilizaji. Brinkley alipokea barua kwa maelfu! Kila mwandishi alikuwa peke yake, na aliyejibu alikuwa mmoja. Hapakuwa na jirani wa kusema, “Ngoja kwanza, mwenzetu fulani aliinunua dawa hiyo na hali yake ni ile ile.”

Jirani huyo aliingizwa redioni na watu wa Kanada. Mwezi Januari 1941, vita vikiwa vimepamba moto, shirika la utangazaji la nchi hiyo, CBC, chama cha elimu ya watu wazima na shirikisho la wakulima viliungana kuanzisha baraza la redio la wakulima. Utaratibu wake ni rahisi hata unashangaa kwa nini haukuwaziwa mapema. Jumatatu usiku, katika miezi ya baridi wakati shamba limelala, majirani walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao. Siku chache kabla walikuwa wamepokea kijitabu chenye mada ya wiki: bei, ushirika, afya, shule. Walisikiliza kipindi kwa nusu saa, wakazima redio, wakaanza kubishana. Katibu wao aliandika walichoafikiana, na walichokosa kuafikiana, akakituma ofisi ya jimbo. Majibu ya vikundi yalijumlishwa na kusomwa hewani. Mtu wa kijiji kimoja akasikia kwamba wa kijiji cha mbali, asiyemjua, ana malalamiko kama yake. Wito wao ulikuwa wa maneno manne: soma, sikiliza, jadili, tenda.

Hilo la nne hawakulifanyia mzaha. Kutokana na vikao hivyo vilizaliwa vyama vya ushirika, na katika jimbo la Ontario hata ushirika wa kulipiana gharama za matibabu. Wakati wa kilele chake, mwishoni mwa miaka ya 1940, mpango ulikuwa na vikundi vipatavyo 1,600. Baadaye televisheni ikaingia, watu wa shamba wakapungua, na mwaka 1965 mabaraza yakafungwa.

Kabla ya kufungwa yalikuwa yameshasafiri. UNESCO ilichapisha kitabu juu yake mwaka 1954, na mwaka 1956 India ikayajaribu karibu na Pune katika vijiji vipatavyo 150. Watafiti walifanya jambo la maana: walilinganisha vijiji vyenye redio na baraza, vijiji vyenye redio bila baraza, na vijiji visivyo na chochote. Penye baraza, maarifa ya wanakijiji yaliongezeka sana. Penye redio peke yake, mabadiliko yalikuwa madogo. Redio ilikuwa ile ile, vipindi vile vile. Kilichozidi ni watu ishirini hivi walioketi pamoja na kuulizana.

Nasi Tanzania tunaujua utaratibu huo, ingawa wengi wamesahau ulikotoka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kampeni za vikundi vya redio mwaka 1969, kwa “Kupanga ni Kuchagua”. Mwaka 1973 ikaja “Mtu ni Afya”, wiki 12 za vipindi vya Radio Tanzania na vitabu vyake, juu ya malaria, kichocho, kuhara na mengineyo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na washiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Vyoo vilichimbwa kwa malaki. Tofauti na Kanada ni kwamba mada zilipangwa juu, na kikundi kinachoelezwa umuhimu wa kuchimba choo hakiko sawa kabisa na kikundi kinachoulizwa bei ya pamba iweje. Lakini mikutano ilifanyika, watu walizungumza, na mashimo yale yalikuwa ya kweli.

Mtangazaji mmoja wa kilimo wa CBC, George Atkins, alikuwa Zambia mwaka 1975 pamoja na watangazaji wa vijijini kutoka nchi mbalimbali. Wakiwa ndani ya basi, alimwuliza mmoja wao amekuwa akiwaeleza wakulima mambo gani. Akajibiwa: namna ya kutunza plagi za trekta. Atkins akauliza ni wakulima wangapi wenye trekta. Walikuwa wachache mno. Mwaka 1979 alianzisha mtandao wa kuwapelekea watangazaji wa nchi zetu maandishi ya vipindi yanayohusu vitu ambavyo mkulima mdogo anavyo mkononi, kama vile ng'ombe wa kulimia, samadi na mbegu ya kuhifadhi. Mtandao huo ndio unaoitwa leo Farm Radio International, nao umefanya kazi na vituo vya hapa kwetu, ambapo mkulima hupiga simu, husikilizwa na swali lake hujibiwa wenzake wakisikia.

Tukutane tena wiki ijayo.