Nyumba Kongwe za Mawe na Njia ya Kuzirudishia Nuru

Mtu aingiaye leo katika nyumba nyingi kongwe za mawe za Lamu, au za Mji Mkongwe wa Unguja, akitoka katika jua la mchana, hupokewa na giza, harufu ya ukungu na kuta zinazoambuka, naye kwa haraka huhukumu kuwa wazee waliozijenga hawakuujua mwanga wala hawakuupenda. Na hukumu hiyo ndiyo iletayo nyundo, saruji na bati ndani ya nyumba ambayo maradhi yake, aghalabu, yaliletwa na nyundo, saruji na bati vilivyotangulia. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wale waliorithi nyumba za namna hiyo, na wale wanaozinunua ili waishi humo na watoto wao, kwamba nyumba kongwe ya mawe ilijengwa ikiwa na njia yake ya kupata nuru na hewa, na kwamba kazi ya kwanza ya mwenye kuitengeneza ni kuondoa vilivyoiziba njia hiyo, kabla hajafikiri kuongeza kitu chochote.

Nyumba ya Lamu ya karne ya 18, mfano wa ile iliyohifadhiwa mjini humo kuwa makumbusho ya nyumba ya Kiswahili, huanza na daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe, ambapo mgeni asiyehusika na mambo ya ndani hukaribishwa akakaa na kuzungumza. Kisha njia hupinda, ili jicho la mpita njia lisifike mbali, na baada ya kona hiyo hutokeza kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa juu. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, msana wa mbele, msana wa nyuma, kisha chumba kiitwacho ndani, kila kimoja sakafu yake ikiwa juu kidogo kuliko ya kilichotangulia, na katika kuta za vyumba vya mwisho huwa mna zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizofinyangwa na kuchongwa kwa chokaa. Upana wa chumba haukuamuliwa na matakwa ya mwenye nyumba, bali na urefu wa boriti ya mkoko, ambayo kwa kawaida haivuki masafa ya zaidi ya mita 3, nayo ndiyo sababu ya vyumba kuwa virefu na vyembamba. Ama kuta, hizo hufika nusu mita na zaidi kwa unene.

Sasa itazame hikima ya mpango huo. Jua likipanda, huanguka kiwandani, likagonga kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, nazo hulirudisha katika misana kupitia milango yake mipana isiyo na mbao, mpaka mwanga ukafika kwenye zidaka za ndani ukiwa umepoa na kupoteza ukali wake, pasipo dirisha hata moja kufunguliwa kwa jirani. Hewa iliyopata moto kiwandani hupanda na kutoka juu, na mahali pake huingia hewa ya baridi kutoka vichochoro vyembamba ambavyo jua halivifikii ila saa ya adhuhuri. Na kuta nene hulipokea joto la mchana polepole, hata zikachelewa kulifikisha chumbani. Kwa njia hiyo familia ilipata nuru, upepo na stara kwa pamoja, jambo ambalo nyumba nyingi za leo, pamoja na madirisha yake makubwa yanayofunikwa mapazia mazito tangu asubuhi hadi jioni, zimeshindwa kulipata.

Basi giza limetoka wapi? Limetoka katika historia. Unguja, baada ya mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali na kugawiwa watu wengi, nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikawa ya kaya kadhaa, na kila kaya, kwa dharura iliyo dhahiri, ikajikatia chumba kwa mbao, ikajenga jiko ilipopata nafasi, ikavuta mfereji wa maji ilipoweza, na mwisho ua ukafunikwa bati ili upatikane ukumbi wa kulala. Kwingineko, sababu ilikuwa mirathi: warithi wakiwa wengi na wakiishi mbali mbali, huyu Mombasa, huyu Maskati, huyu London, nyumba ikabaki na wenyewe wengi lakini bila ya mmoja anayeona wajibu wa kuziba tundu la dari, hata tundu likaita maporomoko.

Walakini adui mkubwa zaidi, kwa kuwa huja katika sura ya rafiki, ni saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe una vinyweleo. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka katika upepo wa bahari, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina vinyweleo. Lakini ukipigwa lipu ya saruji, iliyo ngumu na yenye kubana, maji hunaswa ndani, hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi iliyoyeyuka humo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, mpaka ikaambuka pamoja na uso wa jiwe lenyewe. Fundi mwashi mzoefu huutambua ugonjwa huu kabla haujaonekana: hupita akigonga ukuta kwa mpini wa mwiko wake, shubiri baada ya shubiri, na pale sauti inapokuwa ya uwazi badala ya kuwa nzito, hutia alama ya mkaa, maana hapo lipu imekwisha kuachana na ukuta ingawa jicho halijaona ufa. Unyevu huo huo huozesha vichwa vya boriti vilivyopachikwa ukutani, mahali pasipofikiwa na jicho, hata siku moja boriti hukatika mwishoni ilhali katikati yake ingali nzima.

Kwa hiyo mwenye kutengeneza nyumba sharti ajue utaratibu wa kazi, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba maji hutangulia mambo yote. Aanze juu: azibe dari na kuelekeza maji ya mvua, kisha azikague boriti kwa kuchokoa vichwa vyake kwa kitu chenye ncha, na iliyooza aibadilishe kabla hajagusa ukuta ulio chini yake. Hatari yenyewe si ya kubuni: sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani Sayyid Barghash wa Unguja lililojengwa 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 katika kipindi cha matengenezo na ikaua watu. Na ikiwa jumba la fahari kama lile laweza kuanguka na mafundi wakiwa ndani, seuze nyumba ya mtu wa kawaida ambayo haijapimwa na mtu yeyote. Kuta kongwe hutegemeana, na mtu asitoboe hata uwazi wa mlango mmoja kabla mjuzi hajamwonyesha ni ukuta upi uliobeba boriti na upi uliojengwa baadaye kwa ajili ya kugawa chumba tu.

Yakiisha hayo, ndipo nuru irudishwe, na njia yake huanzia kiwandani. Bati lililofunika ua liondolewe, na mbao zilizokata misana zitolewe, maana aghalabu kazi hizo mbili peke yake huondoa nusu ya giza bila ya jiwe moja kuvunjwa. Ikiwa mvua inachelewesha uamuzi, paa laweza kuinuliwa juu ya ua, likawa limepanda kupita kingo za dari na kuacha nafasi pande zote za kutokea hewa, na katika sakafu ya ua ukatengenezwa mfereji wa kuyapeleka maji ya masika nje. Lakini kufunika ua kwa kioo kilichozibwa pande zote, kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa kuiga picha za nchi za baridi, ni kuwasha tanuri katikati ya nyumba. Familia ya leo, ambayo hupenda mama au baba apikaye aweze kuwaona watoto wakicheza, yaweza kuuweka upishi katika msana wa mbele, mkabala na kiwanda, moshi na mvuke vikatoka vyenyewe, na meza ya kulia ikawa katika msana wa nyuma. Na kwa kuwa misana miwili imetenganishwa na ukuta wenye milango mipana tangu asili, ukumbi ulio wazi umekwisha kupatikana. Chumba cha ndani kibaki na ukuta wake na zidaka zake, kwa kuwa kila familia, hata iliyo na mapenzi makubwa, huhitaji mahali pa faragha.

Vyoo na bafu ndivyo vinavyohitaji tahadhari kuliko vyote. Mahali salama pa kuviweka ni pale palipokuwa na choo na birika tangu zamani, kimoja juu ya kingine, ili mabomba yateremke kwa njia moja iliyo wazi, inayoweza kukaguliwa, badala ya kuzikwa ndani ya ukuta wa chokaa ambamo mvujo mdogo hufanya kazi yake mwaka mzima bila ya kuonekana. Ama tangi la maji, tangi la lita 1000 likijaa lina uzito wa tani nzima, na dari ya boriti haikujengwa kwa mzigo wa namna hiyo. Liwekwe chini na maji yapandishwe kwa pampu hadi tangi dogo, au lisimame juu ya ukuta mnene uliopimwa.

Tuje kwenye chokaa, ambayo ndiyo roho ya kazi hii. Hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe mpaka joto likaribie nyuzi 900 za Selsiasi, ndipo hewa ya kaboni iliyomo ndani ya jiwe inapotoka. Halafu jiwe lililochomwa huzimwa kwa maji, likachemka na kufoka mvuke, na mwenye kulizima sharti alinde macho na mikono, mpaka likawa uji mweupe ambao ukilazwa shimoni chini ya maji kwa muda mrefu huzidi kuwa laini na mtiifu kwa mwiko. Ukichanganywa na mchanga uliooshwa chumvi na kupakwa ukutani, uji huo huirudisha polepole ile hewa ya kaboni kutoka angani na kuwa jiwe tena, jambo lielezalo kwa nini kazi ya chokaa haipendi haraka: hupigwa tabaka jembamba juu ya tabaka, kila moja likingojwa likaze, likinyunyiziwa maji na kukingwa jua kwa magunia au mikeka, lisije likakauka kabla halijashika. Heri kazi hiyo ianze baada ya masika kwisha, ili kuta zipate miezi ya upepo wa kusi kabla ya mvua nyingine. Na juu ya lipu iliyokauka vema hupakwa maji ya chokaa, mara kadhaa na kwa wepesi, ambayo kila yapakwapo huongeza weupe, na weupe huo ndio unaoupeleka mwanga wa kiwanda hadi chumba cha mwisho, kazi ambayo rangi ya mafuta haiwezi, kwani nayo huziba vinyweleo kama saruji.

Ni haki pia kusema kwamba si kila kitu cha asili ni halali kuchukuliwa kwa sababu tu wazee walikichukua. Zamani matumbawe laini ya kuchonga yalikatwa baharini yakiwa hai, na leo kufanya hivyo ni kuua makazi ya samaki na kuondoa kinga ya pwani. Mawe ya kutosha hupatikana katika magofu ya nyumba ile ile yakipangwa upya, na katika machimbo ya nchi kavu. Boriti nayo ikatwe kwa kibali tu, kutoka msitu unaoachiwa nafasi ya kuota tena, na iliyo nzima haitupwi: hukatwa kichwa kilichooza na kutumika katika chumba chembamba zaidi. Milango ya mbambakofi na ya msaji husafishwa na kurudishwa mahali pake, wala haiuzwi kwa wachuuzi wa vitu vya kale ili zinunuliwe mbao za dukani.

Wapo watakaosema kwamba chokaa ni ghali, kwamba mafundi wake wamekwisha, na kwamba saruji humaliza kazi kwa wiki moja. Kweli huimaliza, lakini mwenye nyumba huirudia baada ya masika machache, akilipa mara ya pili na ya tatu kwa ukuta ule ule uliozidi kudhoofika. Na mafundi hawajaisha: jengo la Zahanati ya Zamani lililo pwani ya Mji Mkongwe, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1887 kwa gharama ya mfanyabiashara Tharia Topan, lilitengenezwa na shirika la utamaduni la Aga Khan katika miaka ya 1990, na kazi za namna hiyo zimewapa vijana fursa ya kujifunza kutoka kwa wazee. Mwenye nyumba ndogo aweza kuwatafuta mafundi hao kabla hajawatafuta wengine.

Lamu iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja mwaka mmoja kabla yake, na mwenye kutengeneza katika miji hiyo hana budi kuomba kibali cha mamlaka inayohusika kabla ya kugusa ukuta. Asiione sharti hilo kuwa ni kero, kwa kuwa katika ofisi ya mamlaka hiyo aweza kupata ramani na mashauri. Lakini orodha ya dunia haipandi darini kuziba tundu. Enyi warithi mliotawanyika, kabla masika yajayo hayajaingia, wasilianeni, mteue mmoja wenu wa kusimamia, mchange mnachoweza kuchanga, na fedha ya kwanza iende kwenye dari, ya pili kwenye chokaa, na ya mwisho kabisa ndiyo iende kwenye mapambo.